Bwawa la Kulowekea Ukindu

Mama yangu hakuingia darasani hata siku moja. Analima mpunga karibu na Minjila, na shamba likimpa nafasi anasuka mikeka. Mikeka hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikawa mtaalamu wa maabara.

Watafiti wa kichocho walipokuja Garsen, waliniajiri nipime mikojo na kutafuta konokono wanaobeba ugonjwa huo. Kiongozi wetu alikuwa daktari wa kike, mtu mpole asiyechoka kuuliza. Kwa siku nne tulichota konokono mtoni, pale watu wanapofua na kuteka maji. Tulipata wachache tu, nao hawakuwa na vijidudu. Lakini mikojo ya wanawake ilikuwa na mayai ya kichocho, na wanawake hao hao walituambia wanafua na kuteka kisimani, hawaingii mtoni. Daktari alishindwa kuelewa.

Nilimsimulia mama akiwa anapepeta mchele. Akacheka.

"Mnawatafuta mtoni? Mtoni maji yanakimbia. Konokono gani atakaa hapo?"

"Wako wapi basi?"

"Mwambie daktari wako aje kesho. Avae viatu vya mpira."

Daktari alikuja, na viatu alivaa. Mama alitangulia akatupeleka nyuma ya mashamba, kwenye bwawa linalobaki mafuriko yakishuka. Hapo ndipo wanawake wa kijiji wanapoloweka ukindu, yale majani ya kusukia mikeka, ili ulainike. Aliingia majini kabla sijamzuia, akavuta fungu moja, akaligeuza. Upande wa chini konokono walikuwa wamejishika kila mahali.

"Tukija kuloweka tunasimama humu mpaka adhana ya alasiri ituite," mama alisema. "Asubuhi tuko shamba."

Daktari aliacha kuandika. "Mchana, jua likiwa kali?"

"Saa ngapi nyingine, daktari?"

Tulitazamana, mimi na daktari. Jua la mchana ndilo linalowatoa vijidudu ndani ya konokono, wakatafute ngozi ya mtu. Fomu zetu ziliuliza, "Je, unaingia mtoni?" Wanawake walijibu ukweli. Bwawa hatukuwauliza.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja. Tuliwaweka konokono kwenye glasi za maji safi karibu na dirisha. Mama alikataa kurudi nyumbani mpaka aone. Maji yalipoanza kuwa na vumbi linalocheza, nilimwekea tone chini ya darubini. Alifumba jicho moja, akachungulia.

"Wanaogelea," alisema. "Wana mikia." Halafu akainua kichwa. "Ndio hawa waliomtesa mdogo wangu?"

Mama mdogo alitokwa na damu ukeni kwa miaka. Kila kliniki ilimpa dawa za magonjwa ya zinaa, na mumewe aliamini ametoka nje ya ndoa, akamwacha. Mimi, pamoja na elimu yangu, sikuwahi kuunganisha damu hiyo na kichocho. Daktari alitueleza kwamba mayai ya mnyoo wa kichocho yanaweza kukwama kwenye via vya uzazi yakaleta vidonda, na kwamba watafiti wameanza kuliangalia jambo hili kwa makini hivi karibuni tu.

Kesho yake mama alimleta mama mdogo kwa pikipiki. Alipimwa, akaonekana ana kichocho, akapewa vidonge. Daktari hakumficha kwamba makovu ya zamani huenda yasiishe.

"Kwa hiyo mimi sikufanya ubaya wowote?" mama mdogo aliuliza.

"Uliloweka ukindu, mama," daktari alimjibu. "Basi."

Alilia, na mama akamshika mkono.

Matokeo yalipopelekwa Hola, makao makuu ya kaunti, mbele ya maofisa wa afya, daktari alimwomba mama azungumze. Alisimama na leso yake mpya, mdogo wake akiwa ameketi mstari wa mbele, na kwa ruhusa yake akasimulia yote. Ofisa mmoja akauliza kama wanawake hawawezi kuacha kusuka.

"Tukiacha tutakula nini?" mama alijibu. "Tujengeeni mahali pa kuloweka pasipo konokono. Na mkija kutuuliza, tuulizeni kazi zetu, si mto peke yake."

Watu walipiga makofi.

Leo kuna birika la saruji kando ya kisima, na wanawake wanaloweka humo. Mama mdogo anasuka nao. Damu imepungua, haijakoma kabisa.

Fomu mpya zilipoandikwa nilimsomea mama swali lake: "Je, kazi yako inakufanya uguse maji?"

"Kugusa?" alisema. "Mtu hugusa maji akinawa. Andika kusimama."

Niliandika kusimama.