Kofia ya Makindu

Syombua Mutua hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Kwa miaka saba, katika makao ya wazee kule Auburn, ughaibuni, alikuwa ameosha na kulisha wazee wa kila taifa, wengine wakimwita majina ambayo hakuyasimulia nyumbani, naye akinyamaza. Kwa hiyo Bi Halina, bibi wa Kipolandi aliyempenda kuliko wote, alipoomba kupelekwa kwenye makumbusho ya watu wake, Syombua alimpakia garini pamoja na kiti chake cha magurudumu, wakaenda.

Yalikuwa makumbusho ya vyumba viwili tu, nyuma ya ukumbi wa harusi. Mlangoni palikuwa na kapu la ndara za sufu ambazo kila mgeni huzivaa juu ya viatu, sakafu isikwaruzwe. Bwana Bruno, msimamizi, alimpa Syombua jozi kubwa ajabu. Akateleza nazo akisukuma kiti, akapita tai aliyekaushwa mwenye jicho moja, akafika kwenye mitungi ya achari ya matango iliyofungwa tangu mwaka wa sabini na nne.

"Tuonje kidogo?" akatania.

"Ukionja, wiki ijayo tutakuweka kabatini na wewe," Bruno akajibu.

Syombua alikuwa bado anacheka walipoingia chumba cha pili. Kicheko kikamkauka. Juu ya kichwa cha mbao palikuwa na kiondo, kikapu cha katani cha Wakamba, kimepinduliwa, mdomo chini, na mkanda wake wa ngozi umefungwa kidevuni. Kadi ilisema: *Kofia ya jua. Ilisukwa na wanawake wa Kipolandi katika kambi ya wakimbizi, Makindu, Kenya, 1944.*

Syombua alizaliwa Kibwezi, jirani na Makindu. Nyanya yake alisokota katani ya viondo juu ya paja lake maisha yake yote, hata ngozi ya paja hilo ikawa laini na kung'aa kama kioo.

"Hii si kofia," alisema. "Ni kiondo. Mkanda huu unakaa kwenye paji la uso, mzigo unabebwa mgongoni."

"Bibi, kofia hii imekaa hapa miaka arobaini."

"Basi mmekosea miaka arobaini."

"Labda akina mama wetu walijifunza. Walikuwa na mikono hodari."

"Mikono hodari!" Sauti ya Syombua ikapanda, mwenyewe akaisikia. "Nionyeshe mmoja aliyesokota katani pajani!"

"Mwache, mwanangu," Bi Halina akamwambia Syombua polepole. "Mimi ndiye niliyekileta. Mwanamke mmoja alikuwa akituletea mayai kambini. Siku tulipoondoka alitupa kiondo hiki, kimejaa mayai ya kuchemsha ya safari. Baba yake Bruno alipoandika kadi, akamsifu mama yangu kuwa ndiye aliyekisuka, nikanyamaza. Nilipenda mama asifiwe."

Syombua alimtazama. Asubuhi ile ile alikuwa amemkata kucha, kidole kwa kidole.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Mama Mayai." Maneno yalimtoka kwa Kiswahili safi, kama yaliyosemwa jana.

"Hilo ni jina la mayai. Lake?"

Bi Halina aliinamisha kichwa.

"Aliwalisha muda gani?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili, na kambi nzima hamna aliyemuuliza?"

Syombua alifungua mkanda, akakigeuza kiondo, akakisimamisha mezani kwa kitako chake. Kisha akamsukumia Bruno kalamu.

"Andika. Kiondo. Kilisukwa na mwanamke Mkamba wa Makindu, aliyetulisha miaka miwili. Hatukumuuliza jina."

Bruno aliandika hadi sentensi ya mwisho, akasita. "Wageni watatuonaje?"

"Andika, Bruno," Bi Halina akasema.

Syombua alimsimamia, na ndara zake kubwa miguuni, mpaka wino ukakauka.