Kreti ya Bia kwa Ajili ya Komanda

Nduwayo alimleta paka ndani ya mfuko wa unga, yeye mwenyewe kapakiwa nyuma ya pikipiki ya kukodi, kofia ya abiria bado kichwani. Hakupanda ngazi. Alisimama chini ya jengo pale Busanza, saa tatu asubuhi, majirani wote wakianika nguo vibarazani, akaita, "Mama Ihirwe! Shuka kidogo!"

Kabagwira alishuka. Miezi minne hakuwa amemtia machoni mwanamume huyo. Alimkuta amenenepa shingo.

"Paka iko mgonjwa," alisema Nduwayo. "Gunia la mchele limemwangukia. Aurore hawezi kuangalia damu. Roho yake laini."

"Ilikuwa laini hivyohivyo siku ile inabeba godoro langu?"

"Usianze. Mtazame tu. Akipona utaniambia."

Akauweka mfuko kwenye ngazi, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Ndivyo alivyokuwa. Kwa miaka ishirini na miwili Kabagwira aliishi na mtu ambaye kila kilichoharibika mikononi mwake kiliharibiwa na kitu kingine. Sahani ilivunjwa na meza. Kazi iliharibiwa na bosi. Ndoa iliharibiwa na shetani. Alipohamia kwa Aurore, mwenye duka la mchele na maharage karibu na Sonatubes, alichukua televisheni, godoro, na paka, kwa sababu dukani kulikuwa na panya. Mke hakumchukua. Mke hakamati panya.

Jina la paka, Komanda, ni Nduwayo aliyelitoa, kwa kuwa hajawahi kuongoza chochote maishani na alitaka walau kuwa na komanda wa kumpigia kelele. Kwamba paka mwenyewe ni jike hakulijua mwaka mzima. Kuinama kutazama kungemchosha.

Mguu wa mbele wa kulia ulining'inia kama soksi kwenye kamba. Pretty, jirani wa mlango wa pili, aliyekulia Kampala na ana dawa ya kila kitu, alikuja na nusu kidonge cha panado.

"Mpe hii, aunti, asikie nafuu."

Kabagwira hakusoma hata darasa moja, lakini haamini dawa inayotolewa haraka. Alimpigia muuza dawa za mifugo wa Kanombe. Yule bwana alipiga kelele hadi simu ikakwaruza: panado humuua paka, hata robo usimpe. Daktari wake alikuwa kwenye ng'ombe huko mashariki, asingerudi kabla ya wiki ijayo. "Mfunge mguu usicheze, na mwenyewe mfungie asiruke," alisema.

Kufunga mfupa Kabagwira alikujua kupitia mkono wake wa kushoto. Miaka minane nyuma Nduwayo alimsukuma kwenye fremu ya mlango. Alipoulizwa, mume alisema ni mlango. Mama mmoja mjuzi wa kuunga mifupa aliunyoosha mkono huo, akamfundisha: kaza, lakini vidole vibaki na joto, vikipoa, fungua upesi. Basi Kabagwira alikata kadi ngumu ya boksi la sabuni, akaweka pamba, akazungusha kitambaa cha kitenge, akamtia paka kwenye tenga la kuku na kuweka jiwe juu ya kifuniko.

Komanda alilipa wema huo kwa kumkwaruza hadi kwenye kiwiko na kukojolea kitenge alichotandikiwa. Kabagwira alimdharau kwa moyo wote.

"Na wewe uliondoka naye," alimwambia akimwekea dagaa waliolainishwa kwa maji ya moto. "Ulikaa mapajani mwake kwenye pikipiki, hukugeuka hata kunitazama. Umeona mapenzi yake? Kula, mjinga."

Hata hivyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha mkaa, alitia mkono kwenye tenga na kushika vile vidole vinne vidogo. Vina joto. Anafunga kifuniko. Wiki ya tatu aligundua kwamba dagaa wakubwa anamchagulia paka, wadogo anakula yeye, akajikasirikia siku nzima. Wiki ya sita alikata kitambaa. Mguu ulikuwa umeunga, umepinda kidogo, na Komanda alitembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Siku chache baadaye alipanda ngazi na panya mdomoni, akamweka mbele ya mlango.

Siku hiyo Kabagwira aliapa: mnyama huyu harudi kule.

Habari ya panya ilifika Sonatubes. Nduwayo akatokea, safari hii akapanda ngazi, anahema.

"Nimesikia anakamata. Kule wametoboa magunia matatu. Nipe nimchukue."

Kabagwira alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua uso.

"Unakuja mikono mitupu? Mke akipigwa akarudi kwao, huchukuliwa hivyo? Komanda amerudi kwao. Njoo Jumapili na kreti ya bia, ukae mbele ya watu wake kama wanaume wengine."

Nduwayo alitabasamu. Alidhani mwanamke anamtamani na anatafuta sababu ya kumwona tena. Na desturi aliijua kama anavyojua kila kitu, nusu: alikulia Bujumbura mjini, akasikia kwamba ukipeleka bia unarudi na mke. Nusu ya pili, kwamba bia inanunua kiti cha kukalia tu, kwamba lazima useme kosa lako kwa mdomo wako, na kwamba watu wa mke wanaweza kukataa, hakuambiwa, au aliambiwa akiwa anajisikiliza mwenyewe.

Kabagwira aliijua yote. Mkono ulipovunjika, wazazi wake walikuwa wamekwishafariki, hivyo alikaa wiki mbili kwa rafiki wa kanisani akingoja. Hakuna aliyekuja, hata na soda. Akarudi mwenyewe, mkono shingoni, na Nduwayo akamtazama mlangoni na kusema, "Umerudi? Chumvi imeisha."

Jumapili baada ya misa kreti ilifika. Kiti cha baba mkwe alikikalia Mzee Gratien wa ghorofa ya chini, aliyekulia Karagwe na hana haraka na jambo lolote duniani. Pretty alikuwa shangazi. Majirani wengine walijaa kwenye ngazi. Komanda alikuwa ndani ya tenga, kifuniko wazi, analamba tumbo.

"Karibu, bwana," alisema Mzee Gratien. "Umefuata nini kwangu?"

"Mzee, si unajua?"

"Mimi mzee, nasahau. Nieleze."

"Paka wangu."

"Ahaa. Aliondoka kwako mzima?"

"Gunia lilimwangukia."

"La kilo ngapi?"

"Hamsini."

"Kilo hamsini zimwangukie paka, zivunje mguu mmoja, mitatu ziiache. Hilo gunia lina adabu sana."

"Uncle," aliuliza Pretty, "hilo gunia lilikuwa limevaa viatu?"

Ngazi nzima ilicheka. Nduwayo alinyoosha mkono kwenye kreti, akakuta kifungulio kiko mfukoni kwa mzee.

"Kosa kwanza," alisema Mzee Gratien. "Kizibo baadaye."

Simu ya Nduwayo ililia. Aurore. Akaikata. Jasho lilimtoka chini ya ile shingo mpya.

"Alikula nyama ya Aurore," alisema. "Nyama ya kilo nzima! Nikampiga teke. Kidogo tu."

"Wa ghorofa ya tatu hawajasikia, mkwe," alisema mzee.

"Nilimpiga teke! Basi, mmefurahi?"

Kabagwira alidhani angefurahi. Kwa miaka ishirini na miwili alingoja kosa litoke mdomoni mle likiwa la mwenye mdomo. Sasa limetoka, na alichohisi ni aibu, kwamba aliwahi kumwogopa mtu huyu.

Mzee Gratien alifungua chupa, zikagawiwa. Nduwayo alimeza mafunda mawili, akainuka kushika tenga.

"Bado," alisema mzee. "Tunauliza nyumbani kwao. Mama Ihirwe, binti anaenda?"

"Haendi."

"Mmemsikia. Haendi."

"Lakini mnakunywa bia yangu!"

"Bia ni ya kukusikiliza, mkwe. Tumekusikiliza vizuri mno."

Mwanamume mwenye heshima angeondoka hapo hapo. Lakini kreti na chupa vilikuwa vya duka la Aurore, na Aurore alikuwa amezihesabu. Basi Nduwayo alikaa tena kwenye ngazi, magoti juu, kungoja watu wamalize. Mzee Gratien alikunywa kama ndege. Pretty alikumbuka hadithi ndefu. Simu ikalia, na safari hii akaipokea.

"Nasubiri chupa," alinong'ona. "Nimekwambia, chupa tu."

Kabagwira hanywi pombe. Aliomba chupa moja, akaketi, akaikumbatia mapajani bila kuifungua. Nduwayo aingoje na hiyo.