Kiingereza Nilichofundishwa na Mchekeshaji

Siku yangu ya kwanza kwenye ukalimani nilipewa kiti cha plastiki, chupa ya maji na onyo. Aliyenipa vyote vitatu alikuwa Mkuu wa Kitengo, mwalimu mstaafu wa Buzebazeba, mama mfupi ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Kituo chetu kilikuwa karibu na ziwa, mahali walipopokelewa watu waliovuka kutoka ng'ambo wakikimbia vita. Shirika lililotuajiri nitaliacha bila jina, kwa kuwa makosa ninayoyasimulia ni yangu.

"Hamisi," aliniambia, "hapa utasema 'mimi'. Mtu akisema alikimbia, wewe sema 'nilikimbia'. Usiseme 'anasema alikimbia'. Umenipata?"

"Nimekupata, mama."

"Na uso wako uuache kwenu Ujiji. Hapa tumeajiri mdomo."

Huo ndio unaoitwa ukalimani wa nafsi ya kwanza. Sababu yake ni kwamba afisa wa usaili, yaani mgeni anayeuliza maswali na kujaza faili, anatakiwa amsikie mkimbizi mwenyewe, asimsikie Hamisi. Niliona ni jambo rahisi. Siku hizo nilikuwa najiamini kupita kiasi.

Vijana huniuliza Kiingereza nilikisomea wapi, na nikiwajibu hudhani natania. Shuleni nilitoka na Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Kingine chote nilikipata kwenye nyumba moja ya wageni Katubuka, nilikofanya kazi ya mapokezi kwa miaka kadhaa. Dishi letu lilinasa stesheni moja ya Marekani, na kila asubuhi nikipanga vikombe vya chai palikuwa na mchekeshaji mmoja amevaa suti, amekaa nyuma ya meza kama karani wa mahakama. Kwao kilikuwa kipindi cha usiku, watu wakijiandaa kulala. Kwetu jua lilikuwa limeshachomoza na wageni wanadai maji ya moto.

Mtu yule alimcheka rais wake. Jumatatu alimcheka, Jumanne alimcheka, Jumatano nikawasha televisheni nikitegemea kukuta kiti kitupu, nikamkuta yupo, kanyoa vizuri, anaendelea alipoishia. Akimaliza siasa anahamia kwa wahubiri. Nilishangaa, na zaidi ya kushangaa nilitaka kujua hasa kinachowachekesha ni nini. Nikanunua daftari. Kila neno lililofuatiwa na kicheko niliandika kama nilivyolisikia, jioni nikalitafuta kwenye kamusi, na kando yake nikaweka alama za vicheko: kimoja, viwili au vitatu. Neno la vicheko vitatu nililihesabu kuwa neno kubwa, na mara nyingi sikukosea: kiapo, ufisadi, madhehebu, unafiki, dhambi. Niliiga pia namna ya kulitamka, maana sikuwa na mwalimu mwingine. Akinyamaza kidogo, nami nanyamaza. Akiinua nyusi, nami nyusi juu, mbele ya kioo cha mapokezi, huku mgeni anayetaka ufunguo akinisubiri nimalize.

Kwenye mtihani wa kuajiriwa niliwashangaza. Sikujua mwiko unaitwaje kwa Kiingereza, wala kichanuo, lakini niliweza kueleza hatua kwa hatua jinsi bunge linavyomwondoa rais madarakani. Kwa kazi ile, ambamo watu walikuja kueleza siasa na dini zilizowafukuza kwao, waliona wamepata mtu.

Mwaka wangu wa pili alikuja Mama Neema, mjane kutoka upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Binti yake wa pekee, Neema, alikuwa ameshapelekwa nchi ya mbali pamoja na shangazi yake, na mama huyu alikuwa anaomba aunganishwe naye. Hakuwa na cheti wala picha. Alichokuwa nacho ni maneno yake, na maneno yake yalipitia kwangu.

Afisa wa usaili akamuuliza alivukaje ziwa.

"Mtumbwi ulijaa maji," alisema. "Tulikuwa tunatoa maji na mikono mpaka kukacha. Ni Bwana alinivusha, ni yeye tu."

Nikafungua mdomo. Mimi ni Mwislamu wa Ujiji. Ibada ya Kikristo kwa Kiingereza sikuwahi kuisikia, na neno lao la Bwana Mungu, Lord, nililijua kwa mtu mmoja tu: yule mchekeshaji, akimwigiza mhubiri anayewaomba waumini wamnunulie ndege. Lilikuwa neno la vicheko vitatu. Likanitoka vilevile, limevutwa, limetetemeshwa, na nyusi zangu juu. Afisa akacheka. Alijizuia haraka, akakohoa, akaomba radhi, lakini Mama Neema alikuwa ameshaona. Akanitazama mimi, hakumtazama yeye. Kuanzia hapo alijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Faili likaandikwa kwamba mhojiwa hatoi maelezo ya kutosha, na katika kazi ile sentensi hiyo ilitosha kumkosesha mtu safari.

Siku mbili nilijidanganya kwamba aliyecheka ni afisa, si mimi. Siku ya tatu uongo huo ulinishinda. Nikaenda kwa Mkuu wa Kitengo nikamweleza yote, hadi ndege ya mhubiri.

"Neno ulilosema lilikuwa sahihi?" aliuliza.

"Sahihi, mama."

"Kwa hiyo ukinyamaza hakuna atakayejua."

"Yeye anajua."

Akanisukumia karatasi. "Andika. Na jina lako liweke juu, lisomeke."

Taarifa ile ilinitoa kwenye chumba cha usaili. Nikahamishiwa ofisi yetu ya mtaa wa Gungu kutafsiri fomu. Tafsiri ni ya maandishi, ukalimani ni wa mdomo, msichanganye. Jioni nikawa natafuta redioni ibada za Kiingereza, nisikie maneno yangu yanavyosemwa na watu ambao hawatanii. Mke wangu aliniuliza kwa upole kama nimebadili dini.

Usaili ulipoamriwa urudiwe kwa sababu ya taarifa ile, Mkuu wa Kitengo alinipeleka kwanza kwa Mama Neema, aamue mwenyewe kama ananitaka. Mhojiwa ana haki ya kumkataa mkalimani, na nilikwenda nikijua nitakataliwa. Nikamwamkia, nikaomba radhi.

"Ile siku mulikuwa munacheka nini?" aliuliza. "Nataka kujua."

Nikamweleza: mchekeshaji, mhubiri, ndege. Akataka nimwonyeshe, nikaigiza kidogo kwa woga. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Hata kwetu kulikuwa pasta moja wa hivyo. Yeye alitaka injini ya boti. Tulimuchangia, akaenda nayo." Akajifuta macho, kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Lakini mie sikutaja Mungu wa ule pasta. Nilitaja ule wa kwenye mtumbwi. Utaweza kumusema?"

"Nitaweza, mama."

"Basi uwe wewe tena. Mwingine atakuja na makosa yake mapya."

Swali likawa lilelile, na jibu lake likawa refu kuliko la kwanza. Safari hii nilitamka neno lile taratibu, kama nilivyolisikia redioni kwa mzee mmoja akiwaombea wagonjwa. Afisa aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa.

Sasa nimestaafu, na vichekesho vile bado naviangalia kwenye simu. Bado najiuliza inakuwaje mtu amcheke mhubiri Jumamosi na Jumapili aende kanisani akaimbe. Jibu sijapata, na utafutaji wenyewe unanipa raha. Vijana wanaotaka kazi hii siwakatazi wachekeshaji, wana msamiati mzuri kuliko vitabu vingi. Nawaambia tu kwamba kila neno walilolichekea wamtafute pia mtu anayelihitaji, wamsikilize anavyolisema.

Majibu ya Mama Neema yalikuja baada ya miezi mingi, nikapangiwa mimi kumsomea. Nilisoma sentensi moja moja bila kuonyesha chochote, kwa woga wa kuharibu tena: ombi limekubaliwa, safari ipo, Neema atampokea uwanja wa ndege. Alisubiri nimalize. Kisha akanishika mkono.

"Sasa cheka, baba," alisema.