Gari Limepona?

Kila Ijumaa, akishatoka msikitini na kula, Mzee Mwishehe wa Kibuta alikuwa anampigia simu binti yake Mwamvita aliyeko Kibaha. Mazungumzo yalikuwa na mpangilio ule ule. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, watoto hawajambo, mume hajambo, kazi inaendaje. Halafu mzee anakohoa kidogo na kuuliza, "Na gari? Limepona?"

"Bado, baba. Liko gereji."

Na gari halikuwa gereji. Lilikuwa limeshauzwa tangu mwezi wa pili, na aliyelinunua alishaondoka nalo kwenda huko Morogoro.

Usimwone Mwamvita mwongo, tafadhali. Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Kibaha, mtu ambaye faili moja likikosekana kwenye kabati hapati usingizi. Uongo hauwezi kabisa. Huu mmoja ulimponyoka, na kila Ijumaa ilipopita ndivyo ulivyozidi kuwa mgumu kuurudisha mdomoni.

Gari lenyewe lilikuwa lile kubwa la viti saba, jeusi, la juu, ambalo yeye na mumewe Hashiru walilinunua wakiamini sasa wamemaliza. Gari la familia. Jamani, lile gari. Ukikanyaga mafuta linafikiri kwanza. Linafikiri weee, halafu ndiyo linaondoka, na wakati huo lori la mchanga limeshakupita na kukuachia vumbi. Mlima wa Kiluvya lilikuwa linachemsha. Taa ya injini iliwaka wiki ya pili na haikuzimika tena. Mafundi watatu walifungua na kufunga, kila mmoja akimlaumu aliyemtangulia. Vile viti viwili vya nyuma, vilivyowafanya walichague hilo na si jingine, hakuna aliyewahi kuvikalia bila kulalamikia magoti. Watoto wakaenda bweni, Hashiru akawa anapanda basi la wafanyakazi kwenda Dar, na Mwamvita akabaki anavuta viti sita vitupu kutoka nyumbani, mtaa wa Pangani hapo hapo Kibaha, hadi ofisini, na kurudi.

Ndipo mwalimu mmoja jirani yao, Ambokile, akapata uhamisho wa kurudi kwao Tukuyu, akawa anauza kigari chake. Chekundu, milango miwili, gia za kukanyagia klachi. Hashiru akakitazama, akasema kinafaa kubebea nyanya. Mwamvita aliomba ufunguo akajaribu. Akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, kigari kikaruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Alipofika gia ya tatu kwenye ile barabara ya vumbi alikuwa anacheka peke yake, mtu mzima, na hijabu imemteleza.

Alikuwa hajacheka ndani ya gari tangu ana miaka kumi na minne. Wakati huo baba yake alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika cha korosho, na msimu ulipoisha na lori likawa halina kazi, alimkalisha Mwamvita kwenye usukani, chini kamwekea magunia mawili aone mbele, akamfundisha kwenye uwanja nyuma ya ghala. Watu walimsema, mtoto wa kike na lori wapi na wapi. Mzee hakujali. "Usiangalie gia," alikuwa anamwambia. "Sikiliza. Injini ikilalamika, ibadilishie."

Kwa hiyo utaniuliza, si huyo ndiye mtu wa kwanza wa kumwambia? Ndiye. Lakini kuna jambo. Lile gari kubwa liliponunuliwa, lilipelekwa Kibuta kama ilivyo desturi, wazee walione. Mzee Mwishehe alichinja jogoo, akafukiza ubani ndani ya gari mpaka viti vikanuka mwezi mzima, akaweka kiganja juu ya boneti na kusoma dua ndefu mbele ya majirani. Halafu wakajazana humo, wakaenda Kisarawe mjini na kurudi wakiimba. Tangu siku hiyo halikuitwa tena gari la Mwamvita, liliitwa gari la ukoo. Lilibeba maharusi na wagonjwa. Gari lililosomewa hivyo huliuzi kimyakimya. Unakwenda kwanza kwa yule aliyelisomea, unakaa kwenye mkeka, unasema baba, hali ni hii na hii. Mwamvita alilijua hilo tangu utotoni.

Ila mnunuzi alitokea Jumatano na haraka zake, na Ambokile alikuwa anaondoka Jumamosi. Mwamvita akajiambia, nitamweleza Ijumaa kwenye simu, ataelewa. Ijumaa ikafika, na mzee akawahi yeye kusema.

"Jirani yetu Shomari anaoza binti mwezi ujao. Nimemwambia asihangaike kutafuta gari. Mwamvita atakuja."

Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Jumatano yakamkwama. "Limeharibika, baba," akasema. "Liko gereji."

"Loo. Pole yake," akasema mzee, kana kwamba ni mgonjwa wa nyumba ya pili.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwezi wa tatu fundi anasubiri kifaa. Mwezi wa nne kifaa kimekuja siyo chenyewe. Baba anapokea yote, anatoa pole, anamwombea fundi. Na huku Mwamvita kila asubuhi anaingia kwenye kigari chekundu, anakata kona ya kwao kwa gia ya pili, raha inampanda, halafu anakumbuka na raha yote inakatika. Alikuwa na furaha ambayo hawezi kumpelekea mtu mmoja aliyempa. Hashiru alimwambia zaidi ya mara moja, "Mke wangu, nenda ukamwambie mzee." Anaitikia, anageukia sufuria.

Sikukuu ya Idi alikwenda Kibuta kwa basi, kisha bodaboda. Alijitetea kwamba hata angetaka, kigari kisingefika. Pale njia inapoacha barabara kuu kuelekea kwa baba yake, karibu na mkorosho wa kwanza, maji ya masika ya miaka mingi yalikuwa yamechimba korongo, refu la kufika gotini. Lile gari kubwa lilikuwa linalipita. Hilo tu ndilo lililokuwa linaliweza.

Jioni mzee alimsindikiza mpaka hapo. Alikuwa amepungua, kanzu inamning'inia, na presha ilishamlaza mara mbili mwaka huo. Akasimama pembeni ya korongo, akaligusa kwa fimbo.

"Gari lenu lilikuwa linapita tu hapa."

"Ndiyo, baba."

"La chini haliwezi. Litalala tumbo."

Mzee akamtazama, akaendelea kumtazama. Ilikuwa nafasi safi kabisa, wawili tu njiani, hakuna mtu. Mwamvita akatoa simu akajifanya anatafuta namba ya bodaboda.

Mwezi wa sita, siku ya Alhamisi, simu ikaita ofisini. Baba. Akashtuka, maana haikuwa Ijumaa.

"Mwamvita, njia imetengenezwa," akasema mzee, sauti yake imechoka lakini ina uchangamfu. "Korongo limezibwa. Hata gari dogo linapita sasa."

Mwamvita akafunga faili lililokuwa mbele yake. "Baba, Jumapili nitakuja. Nina jambo la kukwambia."

"Njoo uniambie, mwanangu."

Akakata simu akiwa mwepesi. Usiku huo alimweleza Hashiru kwamba basi, Jumapili anakwenda na kigari, akasirikiwe asikasirikiwe. Atamkalisha mzee kiti cha mbele, atampeleka mpaka Minaki na kurudi, na akimwona anasikiliza injini atamweleza kila kitu. Jumamosi asubuhi akakipeleka kuoshwa. Kijana wa kuosha alikuwa anamalizia kioo cha nyuma wakati mdogo wake Seifu alipopiga simu kutoka Kibuta.

"Dada, njoo," akasema Seifu. "Baba hatunaye. Alfajiri hii."

Hashiru akakimbilia bweni kuwachukua watoto. Mwamvita akaondoka peke yake, maana maziko yalikuwa baada ya adhuhuri na hakuna kungoja. Hakumbuki alivyopita Mbezi. Anakumbuka kupanda Kisarawe baada ya Pugu, kona moja baada ya nyingine, barabara tupu, na kigari kinazikata zote bila kosa. Kilikuwa kinakwenda vizuri kuliko siku zote. Hicho ndicho kilichomliza, hakulia kwa sababu nyingine hapo. Alilia kwa sababu kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu na injini ilikuwa inasema vizuri.

Alipofika kwenye ule mkorosho akapunguza, akijiandaa kukiacha barabarani atembee. Korongo halikuwepo. Lilikuwa limejazwa matofali mabovu na mawe, juu udongo mwekundu ulioshindiliwa, upana wake umepimwa kwa gari lisilo pana. Akavuka kwa gia ya kwanza. Hakikugusa.

Uani kulikuwa na turubai na watu wengi. Wakakitazama kigari kikiegeshwa. Wanaume walikuwa wameshamaliza kuosha, na mabinti wakaitwa kuaga kabla sanda haijafungwa usoni. Mwamvita aliingia na shangazi yake Mwanajuma. Uso wa mzee ulikuwa umetulia, ndevu zimechanwa. Desturi ni kuomba radhi, kusema baba nimekukosea niwie radhi, na kutoka. Mwamvita akapiga magoti, akainama mpaka karibu na sikio lake.

"Baba, gari halikuwa gereji," akasema. "Nililiuza."

Shangazi akamshika mabega akamwinua taratibu, akidhani msiba umempanda kichwani. "Basi mwanangu, basi," alikuwa anamwambia. Wakamtoa nje.

Walipozika na wanaume kurudi, Seifu alimkuta dada yake ameketi upande wa jikoni, chai imepoa mkononi. Akakaa chini karibu naye.

"Baba alikuwa anajua," akasema Seifu. "Tangu mwezi wa tatu. Nilikuja huko kwenu Kibaha, Maili Moja, kununua mbegu, nikakuona kwenye taa za barabarani unaendesha. Hukuniona. Nikapiga picha nikamletea. Dada, alicheka. Alisema, kumbe hajasahau klachi. Ile picha alinifanya nimfungulie kila siku."

Mwamvita alishindwa kumtazama. "Na kwa nini alikuwa ananiuliza kama limepona?"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia baba, mwambie tu unajua, umpumzishe. Akakataa. Alisema, nikimwambia kwamba najua, nitakuwa nimemuumbua. Akisema mwenyewe, atakuwa ameniletea gari. Kwa hiyo akawa anakufungulia mlango kila Ijumaa."

Seifu akachezea kamba ya kiatu.

"Ile njia je?" akauliza Mwamvita, ingawa alishajua. "Nani aliiziba?"

"Yeye. Baada ya Idi. Nilikuwa nikienda shamba, anatoka na ndoo. Matofali ya lile banda la zamani, ndoo moja moja. Nilimgombeza, nikamnyang'anya jembe, akaazima la jirani. Kuna siku alipimia kwa kamba, akiniuliza gari la milango miwili upana wake huwa kiasi gani."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jogoo mwekundu amefungwa mguu kwenye nguzo, na kwenye dirisha la mzee kulikuwa na chetezo na ubani mpya kwenye karatasi, vya Jumapili. Jogoo alichinjwa jioni ile ile akaliwa na waombolezaji. Ubani Mwamvita aliuchukua akauweka kwenye mkoba. Alitaka kumuuliza Seifu kama ni zile ndoo ndizo zilizomuua baba yao. Hakuuliza, na mpaka leo hajauliza.

Arobaini ilipokwisha alikuwa anarudi Kibaha. Watoto walikuwa nyuma na Hashiru pembeni, magoti yamegusa dashibodi, na safari hii hakuwa na la kusema juu ya nyanya. Walipofika kwenye mkorosho Mwamvita akapunguza, akafungua kioo, akatoa kichwa nje asikilize. Aliomba kigari kikwaruze hata mara moja, angalau jiwe moja likiguse, ajue kwamba mzee alipima haraka haraka tu. Akavuka polepole, gurudumu la mbele, halafu la nyuma. Hakikukwaruza popote.