Skrabu ya Ulezi wa Mama

Leo nimejisugulia chakula cha mama yangu.

Msicheke kwanza.

Mwezi uliopita aliniletea kidebe cha ulezi kutoka kijijini Robanda, jirani na hifadhi. Mimi nikausaga, nikachanganya na asali na mafuta, nikapata skrabu ya kusugulia ngozi. Kwani ningekufa na magaga?

Leo mchana mama kaja kunitembelea hapa Mugumu. Shikamoo, marahaba, nikamshika mikono nimsugue, najidai mtu wa mjini.

"Laini kweli. Umeweka nini?"

"Ule ulezi wako, mama."

Mama akaitazama mikono yake.

"Tembo walimaliza shamba. Kile kidebe ndicho kilichobaki, nikakuletea wewe. Nyumbani hatujaonja."

Akanawa kwenye beseni. Yale maji yenye ulezi hakuyamwaga. Akawapelekea kuku wangu.

Ngozi inang'aa, jamani. Haya, nitukaneni.