Ukuta Uliomjibu Bi Sindano

Walimwita Bi Sindano, na wageni waliolisikia jina hilo walidhani ni muuguzi. Hawakukosea sana. Aliwahi kusomea uuguzi, akaacha kwa sababu kila akiona damu miguu ilimlegea. Kazi aliyoipata baadaye, katika idara ya mambokale, ilitaka mkono mwepesi uleule, ila wagonjwa wake walikuwa kuta. Lipu ya kale ikiachana na mawe yake huvimba kama lengelenge, na ukiigusa vibaya huporomoka na kuwa unga. Yeye alitoboa tundu dogo, akaingiza sindano, akasukuma chokaa laini polepole mpaka lipu ikashikana tena na ukuta.

"Wagonjwa wangu hawapigi kelele," alipenda kusema, "wala hawana ndugu wa kuja kunigombeza."

Utani huo aliacha kuusema mwaka ule kilipofukuliwa chumba cha nyuma ya soko. Vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa maji taka waligonga ncha ya juu ya ukuta, na udongo ulipoondolewa wote, kikatokea chumba kizima chini ya ardhi, kirefu kupita mtu na mwenzake. Kwenye ukuta mmoja palikuwa na ndege wekundu wenye shingo ndefu, wamefuatana kwa haraka kama watu waliochelewa kazini. Hakuna aliyejua nani aliwachora. Bi Sindano alipowaona mara ya kwanza alishindwa kula siku nzima.

Tatizo ni kwamba mgongo wa ukuta huo ulikuwa ndani ya kiwanja cha shemeji yake, mdogo wa mumewe. Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, akipanga vyumba viwili pamoja na mkewe, watoto na mama mzazi. Kiwanja kile alikinunua kwa jasho, na sasa idara ilikuwa imesimika kibao: hakuna kuchimba mpaka ardhi ikaguliwe. Nani aliyeiambia idara ukuta unafika huko? Bi Sindano mwenyewe.

Shemeji alikwenda kwake akiwa anachemka. "Ndege wa kuchorwa wana nyumba, mimi sina!" alifoka, na mengine aliyoyasema pale mezani hayaandikiki. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mama mkwe naye, akiamkiwa, aliitikia huku anatazama dari. Mume wa Bi Sindano, dereva wa lori, alijifanya ana safari nyingi kuliko alizokuwa nazo.

Ukaguzi ukachelewa, na shemeji akachoka kusubiri. Akazungushia mabati kiwanja chote, akaanza kuchimba shimo la choo peke yake, kila akipata nafasi.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ikakatika mchana. Bi Sindano alikuwa peke yake chumbani. Alihisi sakafu ikitikisika, vumbi likamwagikia mabegani. Akadhani ni lori limepita barabarani. Aliendelea na kazi: kugonga lipu kwa kifundo cha kidole, sikio karibu na ukuta, kutafuta mahali palipo wazi kwa ndani. Ko, ko.

Ukuta ukajibu. Ko, ko, ko.

Alijiambia ni mwangwi. Akagonga mara moja tu. Ukajibu tena mara tatu. Akabandika sikio ukutani.

"Nani huko?"

"Jamani..." Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Nimefukiwa. Nisaidieni."

Aliijua sauti hiyo vizuri mno. Ilimtukana mezani kwake.

Alipanda ngazi mbiombio akimwita mkuu wa uchimbaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa hemani. Waling'oa bati, wakachungulia. Upande mmoja wa shimo ulikuwa umeporomoka wote. Mbaya zaidi, mfereji wa maji ya mvua wa mtaani ulikuwa umepasuka, na maji yalikuwa yakimiminika humo humo.

Zimamoto hawakukawia. Kamanda wao, mtu mnene mwenye maneno machache, alizunguka shimo akitikisa kichwa. "Tukiondoa udongo kutoka juu, wote unamshukia yeye. Lazima tujenge kingo za mbao kwanza. Hiyo ni kazi ya mpaka jioni."

"Na maji je?" Bi Sindano aliuliza.

Kamanda akaelekea kwenye ngazi za chumbani.

Wakateremka chumbani. Shemeji alieleza kwa vipande vipande: alikuwa amebanwa kwenye uwazi kati ya ukuta na bonge la udongo, mguu mmoja hautoki, maji yako kiunoni. Baada ya muda mfupi akasema yako mbavuni.

Mkuu alimgeukia Bi Sindano. "Ukuta huu una mahali dhaifu?"

Palikuwepo, naye alipajua kama anavyojua kitanda chake: chini ya yule ndege aliyegeuza kichwa nyuma, aliyekuwa mzuri kuliko wote, ambako mawe yalikuwa yamelegea. Alikuwa amepatibu mahali hapo miezi na miezi.

"Nikipaka gundi na kitambaa," alisema, "naweza kuitoa lipu nzima kwanza. Ikikauka tu..."

"Itakauka lini?"

"Kesho." Neno lilipomtoka alilisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akatamani kulirudisha kinywani.

"Vunja," alisema Mkuu. "Watakaouliza nitawajibu mimi."

Vijana wa zimamoto wakaegemeza mbao na jeki kwenye ukuta. Bi Sindano alichukua patasi na nyundo. Pigo la kwanza lilikuwa dogo, la woga. La pili lilimwangusha ndege chini, naye hakutazama alipoangukia. Mawe yalipojitokeza alitupa nyundo, akaanza kuyachomoa kwa mikono, kamanda akimsaidia.

"Si hilo!" Bi Sindano alimzuia. "Hilo limebeba la juu. Hili la pembeni."

Kamanda akavuta la pembeni bila kubisha.

"Shemeji!" Bi Sindano aliita. "Unanisikia? Nitukane."

"Nini?"

"Nitukane kama siku ile. Nikisikia unatukana nitajua maji hayajafika mdomoni."

"Wewe... na ndege wako... na kibao chenu... na huyo aliyekuajiri..."

"Endelea."

"Sindano zako... uchomwe nazo wewe..."

"Vizuri. Endelea!"

Jiwe la nne au la tano lilipotoka, maji ya tope yaliruka kama bomba lililopasuka, yakamlowesha kamanda kifuani. Wote wakashukuru, maana yakitoka huku yanapungua kule. Lakini matusi yalikuwa yamekatika. Bi Sindano aliita, akaita tena. Mchanga ulianza kuchururika kutoka juu, na ubao mmoja ukalia.

"Tokeni wote!" kamanda aliamuru.

Hapo mkono ukachomoza tunduni, umejaa matope, vidole vikipapasa hewa. Hakuna aliyetoka. Kamanda aliushika, akapitisha mkanda kwapani mwa yule mtu, wakavuta. Mabega yakapita, kisha akakwama. Mguu ulikuwa bado umebanwa, na mkono pekee mwembamba wa kutosha kupita pembeni yake ulikuwa wa Bi Sindano. Aliuingiza mpaka begani, shavu limegandamana na tumbo la shemeji yake, akachimba kwa kucha asikokuona. Aligusa kitu cha moto na cha utelezi, akajua ni damu. Safari hii miguu haikumlegea. Haikupata nafasi.

"Vuta!"

Shemeji alitoka akipiga ukelele ambao mama yake, aliyekuwa amefika juu kwenye mabati, aliusikia akaketi chini kwa kishindo.

Ukuta haukuporomoka, lakini sehemu ya juu ya tundu ilimwagika kabla hawajaongeza jeki. Kati ya ndege wote, watatu walitoweka.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Shemeji alilala hospitali muda mrefu. Idara nayo ilimhoji Bi Sindano mbele ya watu wenye suti, na Mkuu akajibu yeye kama alivyoahidi, mpaka wenye suti wakaishiwa maswali. Ukaguzi uliokuwa ukisubiriwa ulifanyika haraka ya ajabu, na shemeji akaruhusiwa kujenga upande wa pili wa kiwanja, nyumba ndogo kuliko aliyoitaka. Bado analalamika kuhusu udogo huo.

Bi Sindano alikusanya vipande vya wale ndege kwenye trei na kuvipanga kwa subira. Shingo ilipatikana, kichwa hakikupatikana. Tundu likazibwa kwa mawe mapya ya rangi tofauti, aliyoyachagua yeye, ili atakayekuja baadaye asidanganyike kuwa ni ya kale.

Shemeji alikuja siku moja kwa magongo, akateremshwa ngazi kwa shida, akatazama mawe hayo kwa muda.

"Ni padogo," alisema. "Nilipita vipi hapo?"

"Ulikuwa umekonda kwa hasira, shemeji."

Alicheka, kisha akauliza kama kuna mahali pa kukaa, maana mguu ulikuwa unamuuma. Bi Sindano akamgeuzia ndoo akalie.

Mama mkwe sasa anaitikia salamu akimtazama usoni.