Mama Aliyenifundisha Kupumua Ofisini

Cheka ukitaka, lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Gitega, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya ndizi. Waliokuwepo wapo. Waulize.

Mimi nimekulia Tanzania, nikarudi Burundi mtu mzima, na Mungu akanipa kazi ya kompyuta katika ofisi moja ndogo ya kugawa mbegu. Kazi nzuri, ya kukaa. Tatizo ni huko kukaa kwenyewe. Nikishakula ugali na maharage mchana, macho yanafunga duka. Nalala mezani mdomo wazi, wakulima wa Makebuko wamesimama mbele yangu wanasubiri. Shefu alinikuta hivyo mara nyingi, hadi akachoka. "Mi nimevumilia," akasema. "Nikikukuta tena umelala, unarudi kulima. Donc, basi, chagua." Kulima wapi, jamani? Shamba la baba ndugu zangu walishagawana kabla sijarudi. Kazi ile ndiyo ilikuwa shamba langu, na watoto wangu walikuwa wanakula humo.

Kesho yake baada ya chakula napigana na kope, mara naona mama ameketi kwenye kiti cha wageni. Mlango sikuusikia. Amevaa imvutano ya kijani, ile nguo wanayojitanda mama zetu na kuifunga begani. Bega lake moja limeshuka kuliko jingine, na uso umejaa kicheko. Nikadhani amefuata mbegu.

"We unapumua kama mtu anaiba hewa," akaniambia.

Nikaona aibu, nikammiminia kikombe cha maji. Hakupokea.

"We umekulia Tanzania," akasema akicheka. "Huku kwetu mwenye anapana, anaonja mbele."

Kweli, nilikuwa nimesahau. Burundi humpi mgeni kinywaji kabla hujaonja wewe mwenyewe, aone hukumtilia sumu. Nikanywa funda moja. "Sawa," akasema, "na mi iko na kitu ya kukupa. Nitaonja mbele."

Akaonja. Akakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, akautoa mgongo kwenye kiti, akapandisha mabega hadi masikioni, akayaachia. Akaweka mkono tumboni, akavuta pumzi kwa pua taratibu, akaitoa kwa mdomo kama mtu anayepoza uji. Jua la dirishani lilikuwa linapita katikati yetu, vumbi linaelea ndani yake. Niamini: vumbi lile halikutikisika. Mama amelipulizia karibu kabisa, nalo limetulia vile vile. Nikatazama nguo yake pale tumboni, haijapanda wala kushuka.

Nikasukuma kiti nyuma nitoke mbio.

"Usiogope," akasema. "Pumzi yangu niliimaliza nimekaa. Ya kwako bado iko. Fanya!"

Nikafanya, kwa woga. Nilipotoa pumzi vumbi likatawanyika lote, naye akapiga makofi kwa furaha. Akaniambia nishike mgongo wa kiti nigeuke kulia, kisha kushoto, halafu ninyooshe mikono juu nijivute, kama nachuma parachichi la juu kabisa. Uti wa mgongo ukalia ko! Usingizi ukatoka, sijui ulipitia mlango gani. Nikahisi damu inafika hadi kwenye vidole, nikaanza kucheka naye. Kumbe nacheka peke yangu, maana shefu alifungua mlango, na kiti cha wageni hakikuwa na mtu.

"We! Unaomba mvua mu biro, hapa kazini?"

Nikamweleza ukweli wote. Ndiyo, mjinga ni mimi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kulala angeweza hata kusamehe, lakini mambo ya wazimu ni ya wakubwa. Nipande gari niende Muyinga kwa mkurugenzi wetu, aamue yeye. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mke wangu nikifukuzwa.

Mkurugenzi ni mama mkavu, hacheki ovyo. Nikasimulia upya. Nilipofika kwenye bega lililoshuka, akanikatiza.

"Imvutano rangi gani?"

"Kijani, mama."

"Na alikuwa anacheka?"

"Sana. Hadi makofi alipiga."

Akaweka kalamu chini. Kisha akaniambia kwamba yule ni mama yake mzazi, mtu wa Gasorwe, aliyepiga taipu miaka mingi katika ofisi moja hapo hapo Muyinga. Asubuhi hadi jioni hainuki, mpaka bega likashuka. Siku moja wakamkuta ameinamia mashine, wakadhani amesinzia.

"Nyumbani alikuwa anafika amechoka," akasema. "Sisi watoto wake hatukumwona akicheka. Hata siku moja." Machozi yakamtoka. "Tafadhali, nionyeshe vile alicheka."

Nikamwonyesha. Nikainua mikono na kuangua kicheko kile kile, naye akainua ya kwake. Makarani waliokuja kuchungulia wakamkuta mkurugenzi wao anachuma parachichi hewani, analia na kucheka kwa pamoja. Kazi sikufukuzwa. Nilirudishwa Gitega na amri: kila siku baada ya chakula ofisi nzima ifanye mazoezi yale, shefu akiwa mbele.

Tunafanya hadi leo. Shefu analalamika, lakini ndiye anayetukumbusha. Yule mama sijamwona tena, ila kuna mchana nikianza kujikunja kwenye kiti nahisi kiganja kinanisukuma mgongoni, kwa upole kabisa. Nanyooka haraka, sibishani.

Nawe unayesoma haya umejikunja hapo ulipo, shingo mbele, pumzi fupi fupi, nakuonya: inuka. Kiti hakimwonei mtu huruma. Usingoje mtu asafiri kutoka mbali kiasi kile kuja kukuambia upumue. Mimi nilipata bahati ya kuletewa anayecheka. Wa kwako simjui.